MALEZI YA WATOTO: MKATE WA KUMIMINA NA SHULE YA JIKONI

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Aghalabu msemo huu hutajwa na mzazi anayetaka kuhalalisha fimbo, kana kwamba kukunja na kupiga ni jambo moja. Lakini mvuvi hampigi samaki ili akunjike. Humshika angali laini, akampinda taratibu kwa vidole, kisha akamwacha akauke katika umbo hilo. Ndivyo yalivyo malezi ya mtoto mdogo. Hukunjwa kwa kushirikishwa katika kazi za nyumbani tangu mikono yake ingali laini. Na miongoni mwa kazi hizo ni chache zinazomfundisha mambo mengi kwa wakati mmoja kama kuoka mkate.

Jambo hilo huonekana wazi katika nyumba za Mbau, tarafa ya wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji. Huko watu husema Kimwani na Kimakonde, na Kiswahili si kigeni kwao. Chakula chao ni muhogo, mahindi, mchele, nazi na samaki, na mapishi yao mengi yangetambuliwa mara moja na mama wa Mtwara au Lindi.

Watu wa wilaya hiyo wamepitia taabu kubwa. Tarehe 5 Oktoba, 2017, mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa na watu wenye silaha, na tangu siku hiyo vita vikaenea mkoani. Agosti 2020 mji huo ulitekwa, na ulikombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Nchi za SADC, Tanzania ikiwa mojawapo, nazo zilipeleka askari wao mkoani kuanzia Julai 2021 hadi 2024. Zaidi ya watu laki saba walikuwa wameyakimbia makazi yao, wengi wakielekea Pemba, Metuge na Mueda. Kuanzia 2022 familia nyingi za wilaya hiyo zilianza kurudi, ingawa mashambulizi hayakukoma kabisa mkoani.

Ichukuliwe, kwa mfano, nyumba moja miongoni mwa nyumba za waliorudi. Ndani yake yumo mama, mkwe wake ambaye watoto humwita bibi, mtoto wa kiume wa miaka saba na mdogo wake wa kike wa miaka minne. Baba ni askari, na kituo chake cha kazi kiko mbali. Mama hupika mkate wa kumimina kila Ijumaa, akauuza vipande baada ya sala ya mchana. Fedha hizo hununua sabuni, chumvi, na daftari la shule. Basi mkate huo si mchezo wa watoto. Ukiharibika, juma zima huyumba.

Hapo ndipo penye swali ambalo kila mzazi mwenye kipato kidogo hujiuliza. Je, yafaa unga uliopatikana kwa shida, na moto unaounguza, vikaribiwe na mikono isiyojua kazi? Akina mama wengi hujibu upesi kwamba haifai, wakawafukuza watoto jikoni. Mama wa nyumba hii alifikiri hivyo pia, mpaka mkwe wake alipomwuliza: “Mwanangu, sasa wewe ulijifunzia wapi?”

MTOTO ASIYE NA SAATI HUJIFUNZA WAKATI

Kazi ya mkate wa kumimina haianzi asubuhi. Huanza jana yake. Alhamisi jioni mchele huchambuliwa kwenye ungo, na kazi hiyo hupewa mtoto wa kike. Vidole vyake vidogo huokota vijiwe na chuya, kimoja kimoja. Hajui kwamba anajizoeza kutumia kidole gumba na kidole cha shahada kwa pamoja, ingawa hivyo ndivyo vidole atakavyoshikia kalamu atakapoanza shule.

Baada ya kuchambuliwa, mchele huoshwa na kurowekwa. Mtoto huuliza, “Mama, utaiva lini?” Naye hujibiwa kwamba mchele hauna budi kulala kama watu wanavyolala. Kwa mtoto wa miaka minne, jana, leo na kesho ni maneno yasiyo na mipaka. Lakini alipoamka Ijumaa na kuukuta mchele ule ule umelainika hata unavunjika kwa kubonyezwa, alipata ushahidi wa kwanza kwamba usiku hufanya kazi. Maneno matupu yasingemfahamisha hivyo.

Kisha mchele hutwangwa kinuni na kuchekechwa. Katika nyumba hii mama huwaambia watoto kwanza: “Sasa nitatwanga.” Ana sababu. Miezi ya mwanzo baada ya kurudi, mwanawe wa kiume alikuwa akisikia kishindo cha ghafla, hata cha kifuniko kilichoanguka, alijitupa chini na kuziba masikio. Bibi ndiye aliyeona kwamba kishindo ambacho mtoto amekitarajia hakimtishi sawa na kile kinachomjia bila taarifa. Wakamzoesha kushika mchi pamoja na mama, mikono yake juu ya mikono ya mama, akitwanga na kuhesabu. Sauti ikawa yake. Hakupona kwa siku moja, na wala haifai kudhaniwa kwamba mkate ni dawa ya vita. Lakini walezi wanaowahudumia watoto waliotoka vitani husisitiza sana utaratibu wa kila siku, yaani mtoto ajue leo kuna nini na kesho kuna nini. Mkate wa kila Ijumaa ulikuwa utaratibu huo.

KIBABA, KOPO NA HESABU

Mtu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, aliyezaliwa 1896 na kufariki 1980, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jinsi watoto wanavyofikiri. Katika majaribio yake mashuhuri, maji yalimiminwa mbele ya mtoto kutoka katika bilauri fupi pana na kutiwa katika bilauri ndefu nyembamba. Watoto walio chini ya miaka saba hivi aghalabu walisema kwamba maji yameongezeka, kwa kuwa yamepanda juu. Hawakuwa wajinga. Akili zao zilikuwa hazijakomaa kuona kwamba umbo limebadilika na kiasi kimebaki vile vile.

Jaribio hilo hufanyika kila Ijumaa huko Mbau bila mtaalamu yeyote. Mama hupima tui la nazi kwa kopo, akalimimina katika chupa nyembamba. Mtoto wa kike hupiga kelele kwamba tui limekuwa jingi. Kaka yake humcheka. Mama hawakemei wote wawili, hurudisha tui katika kopo lile lile, akasema, “Tazameni.” Limejaa kama mwanzo. Mdogo hushangaa, na juma lijalo hudai tena kwamba limeongezeka. Hapana haja ya kumharakisha. Siku moja ataliona mwenyewe, na siku hiyo hakuna atakayeweza kumnyang'anya ujuzi huo.

Kwa yule wa miaka saba hesabu huwa kubwa zaidi. Vibaba vinne ni pishi moja. Nusu kibaba mara mbili ni kibaba. Robo tatu ya kikombe cha sukari ni robo moja, na nyingine, na nyingine. Darasani sehemu hizi huandikwa ubaoni kwa chaki na kuwachosha watoto wengi. Jikoni, mtoto anayekosea robo huonja kosa lake. Mkate ukishaiva hukatwa katikati, kisha katikati tena, na tena, vikawa vipande vinane. Ikiwa kila kipande ni metikali 10, mkate mzima ni metikali 80. Ikiwa watoto wamekula viwili, kumebaki 60. Mtoto wa kiume alifahamu hesabu ya kutoa siku aliyokula vipande viwili, akaambiwa kwamba penseli itasubiri juma lijalo.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee. Mtoto aliyekijaza kibaba kwa mkono wake huuelewa msemo huo kuliko yule aliyeukariri.

MANENO YAINGIAYO NA HARUFU

Mtoto wa Mbau ana mzigo wa lugha. Nyumbani husema Kimwani au Kimakonde, sokoni husikia Kiswahili, na shuleni hukutana na Kireno. Ni kweli kwamba tangu miaka ya mwanzo ya 2000 Msumbiji ilianza kufundisha madarasa ya chini ya baadhi ya shule kwa lugha za wenyeji sambamba na Kireno, na sheria ya elimu ya 2018 imeyaingiza malezi ya kabla ya shule katika mfumo wa taifa. Hata hivyo neno ambalo mtoto halijui maana yake katika lugha ya mama yake, hatalielewa kwa urahisi katika lugha ya mwalimu.

Jikoni maneno huja yakiwa na uzito, harufu na joto. Kuroweka si kuosha. Kukoroga si kukanda. Kuumuka si kuchemka. Rojo si donge. Mtoto huyapata maneno haya yakiwa yameshikana na vitu vyenyewe. Na siku moja huvumbua kwamba kopo analopimia nyumbani mwalimu huliita karibu hivyo hivyo kwa Kireno, na meza ni hivyo hivyo, kwa sababu Waswahili waliyachukua maneno hayo kwa Wareno zamani. Basi shule haiwi tena mahali pageni kabisa. Kuna vyombo vya nyumbani vilivyomtangulia huko.

HAMIRA NI KIUMBE HAI

Watoto wote huuliza kwa nini mkate huumuka. Jibu la “ndivyo ulivyo” huua udadisi, nao wazazi wengi hulitoa kwa kuwa hawajui jibu jingine. Jibu lenyewe si gumu. Hamira ni kuvu wadogo mno wasioonekana kwa macho, nao wana uhai. Wakipata unyevu, uvuguvugu na sukari, hula na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hunaswa ndani ya rojo, ikalivimbisha, na mkate unapoiva huacha vile vitundu vinavyoonekana ukikatwa. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1850, kwamba kuchacha ni kazi ya vijidudu vyenye uhai. Kabla ya hamira ya kopo kuenea dukani, akina mama wengi wa pwani waliumua vitumbua na mikate yao kwa tembo la mnazi, ambalo ndani yake mna kuvu wa namna hiyo.

Mtoto anaweza kujaribu mwenyewe. Hamira kidogo itiwe katika vikombe vitatu pamoja na sukari: kimoja maji baridi, kimoja ya uvuguvugu, kimoja yaliyochemka. Baada ya robo saa kikombe cha uvuguvugu kitakuwa na povu, cha baridi kitachelewa, na cha maji yaliyochemka kitabaki kimya kwa kuwa kuvu wamekufa. Ndiyo sababu uji unaochanganywa katika rojo hauna budi kupoa kwanza. Jaribio hili hugharimu vijiko vichache tu vya hamira, nalo ni somo zima la sayansi.

SIKU MKATE ULIPOBONYEA

Mkate wa kumimina huiva kwa moto wa chini na wa juu. Sufuria huwekwa juu ya makaa machache, na makaa mengine hupaliwa juu ya kifuniko. Asiyeujua mkate huu hudhani kwamba kazi kubwa ni kupika. Kumbe kazi kubwa ni kungoja bila kufunua.

Ijumaa moja mama alikwenda kisimani, akamwachia bibi ulinzi wa jiko. Bibi alipoinuka kutawadha, mtoto wa kiume alichukua koleo, akainua kifuniko ili atazame vitundu. Upepo wa baridi ukaingia, majivu yakadondoka ndani, na mkate uliokuwa umejaa vizuri ukabonyea katikati kama godoro kuukuu. Hapakuwa na mchele mwingine uliorowekwa. Ijumaa hiyo hapakuwa na cha kuuza.

Mama aliporudi, mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Mama alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Mkono wake ulikuwa umekwisha inuka pale bibi alipouliza kwa upole, “Nani amefunua?” Kimya kilipita. Kisha mtoto akasema, “Mimi, bibi.”

Bibi akamwambia mkwewe: “Basi amekwisha sema kweli. Ukimpiga sasa, utakuwa umeipiga ile kweli.”

Mama akateremsha mkono. Hakumwambia mtoto kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Alimketisha, wakaupangua mkate wote watatu, wakatazama mahali ulipobonyea: chini umeiva na una vitundu, katikati mzito na mbichi. Mama akaeleza kwamba mkate ambao haujaiva husimama kwa hewa ya moto iliyomo ndani yake, na ukipigwa na baridi kabla haujashupaa huanguka. Vipande vilivyosalimika vikakaangwa, vikaliwa usiku. Juma lililofuata mtoto hakufukuzwa jikoni. Aliketi karibu na sufuria, mikono yake akiikalia ili isimshawishi, akahesabu mpaka mama aliposema, “Sasa.”

Katika tukio hili dogo yamo mafunzo ambayo wazazi wengi huyatafuta kwa fimbo bila kuyapata. Mtoto alijifunza kwamba kosa lina matokeo, na matokeo hayo huwafikia watu wengine. Alijifunza kwamba kusema kweli hakuondoi hasara, lakini huokoa imani ya watu. Tena alijifunza kujizuia, ambako ndiko askari yeyote anakokuita nidhamu: kuwa na uwezo wa kufunua, kutamani kufunua, na kutofunua.

MUHOGO HAUPENDI HARAKA

Pale mchele unapokosekana, mikate huokwa kwa unga wa muhogo. Hapa subira si adabu tu, ni kinga ya uhai, na mtoto anapaswa kulijua hilo mapema. Muhogo mchungu una sumu ya asili ambayo huondoka kwa kurowekwa, kuvundikwa au kuanikwa kwa muda wa kutosha. Mwaka 1981, wakati wa ukame, katika mkoa jirani wa Nampula watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walishikwa ghafla na ulemavu wa miguu usiopona. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Mahali pengine huitwa konzo. Njaa ilikuwa imewalazimisha watu kuula muhogo mchungu kabla haujaandaliwa vya kutosha, nao hawakuwa na samaki, nyama wala kunde za kutosha ambazo huusaidia mwili kuishinda sumu hiyo.

Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, alitoa baadaye njia rahisi ya kuongeza usalama. Unga wa muhogo uliokwisha kukaushwa na kutwangwa hulowanishwa kwa maji, ukatandazwa mwembamba juu ya ungo au jamvi kwa saa mbili juani, au saa tano kivulini, ili sumu iliyobaki ipae hewani. Kisha unga hupikwa siku hiyo hiyo. Njia hii ni nyongeza. Haichukui nafasi ya kuroweka na kuanika. Kutandaza unga huo ni kazi inayomfaa mtoto, na anapouliza kwa nini wangoje, aelezwe sababu yenyewe bila kufichwa.

JE, MTOTO WA KIUME NAYE?

Baba wa nyumba hii alipopata likizo alimkuta mwanawe ameshika upawa. Akasema kwa mshangao, “Mtoto wa kiume na upawa, wapi na wapi?” Bibi, ambaye ndiye mama yake mzazi, akamwuliza, “Nawe huko kambini unapikiwa na nani?” Askari huyo akanyamaza, kisha akacheka, kwa maana wapishi wa kikosi chake wote ni wanaume. Jioni hiyo alionekana akikuna nazi, huku mwanawe akimpelekea vifuu.

Swali la bibi linafaa kufikiriwa katika kila nyumba ya askari. Kijana anayejiunga na jeshi au polisi bila kujua kupika, kufua na kufagia huanza maisha ya kambi akiwa nyuma ya wenzake. Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, juu ya elimu inayomwandaa mtoto kwa maisha anayokwenda kuishi. Na mapema zaidi, mwaka 1907, daktari wa Kiitalia Maria Montessori alifungua mjini Roma nyumba yake ya kwanza ya watoto wa maskini, ambamo kumimina maji, kupangusa meza na kuandaa chakula yalikuwa masomo halisi, kwa wavulana na wasichana sawasawa. Walichofanya wataalamu hao ni kuipa heshima kazi ambayo bibi wa pwani amekuwa akiifundisha bila cheti.

MOTO NA USALAMA

Kumshirikisha mtoto si kumwachia hatari. Mtoto wa miaka mitatu au minne achambue mchele, amimine maji baridi, apange vikombe. Wa miaka mitano au sita apime, akoroge, apake mafuta sufuria ikiwa ya baridi. Wa miaka saba au minane avunje yai, achekeche, ahesabu muda. Mbuzi ya kukunia nazi, kisu na makaa ni vya mtu mzima. Uchorwe mstari chini kwa majivu, hatua mbili kutoka jikoni, na mdogo asiuvuke. Watoto huheshimu mpaka wanaouona kuliko makatazo wanayoyasikia. Mikono ioshwe kabla ya kazi kwa maji safi na sabuni, au majivu ikiwa sabuni haipo.

Mtoto akiungua, sehemu iliyoungua imwagiwe mara moja maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Vitu hivyo huhifadhi joto na kuleta uchafu katika kidonda. Malengelenge yasitumbuliwe. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe zahanati bila kuchelewa.

MAPISHI: MKATE WA KUMIMINA

Mahitaji: mchele vikombe 2, tui zito la nazi kikombe 1 na zaidi kidogo, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, ute wa yai 1, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, mafuta kidogo ya kupaka.

Namna ya kupika: Chambua mchele, uoshe, uroweke usiku kucha. Asubuhi uchuje maji, uutwange na kuuchekecha mpaka uwe unga laini. Chukua vijiko viwili vya unga huo, vipike kwa maji kidogo viwe uji mzito, kisha uache upoe kabisa. Changanya unga uliobaki, uji, hamira na tui la uvuguvugu. Koroga mpaka upate rojo zito linalomiminika. Funika, weka mahali penye joto kwa muda wa saa moja au mpaka liumuke. Tia sukari, iliki na ute wa yai uliopigwa, koroga taratibu, uache tena kwa dakika chache. Paka sufuria mafuta, ipashe moto, mimina rojo. Weka juu ya makaa machache. Vitundu vikitokeza juu, funika na upalie makaa juu ya kifuniko mpaka mkate ushupae na kuwa na rangi ya kahawia. Choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, mkate umeiva.

Mkate huo ukipoa, apewe mtoto kisu butu na aongozwe kuukata katikati. Kipande cha kwanza asijipe mwenyewe. Huko Mbau mtoto wa kike wa miaka minne hukibeba kwa mikono miwili mpaka kwa bibi yake, akapiga goti, akasema, “Karibu, bibi.” Bibi humega kidogo, akaonja, akanyamaza kwa makusudi huku mjukuu akimtazama usoni. Kisha husema umeiva, na hapo ndipo watoto wengine wote hupewa ruhusa ya kula.